Daktari wa familia wa tiba ya uraibu

Daktari wa familia wa tiba ya uraibu ni daktari aliyesomea udaktari wa familia kisha akajiongezea ujuzi wa kutibu watu wenye uraibu wa pombe, tumbaku, heroini, vidonge vya kutuliza maumivu au dawa nyingine za kulevya. Kwa kawaida huwatibu wagonjwa hao katika kliniki ileile anamotibu shinikizo la damu, kisukari, vikohozi vya watoto na matatizo ya wajawazito.

Kazi hiyo imekua zaidi katika nchi kama Marekani, Kanada, Ufaransa na Uingereza. Historia yake imezunguka swali moja: je, mtu mwenye uraibu atibiwe na daktari wa kawaida wa mtaani kwake, au apelekwe mahali pa pekee panapoendeshwa kwa sheria za pekee? Kila nchi imejibu kwa namna yake, na majibu hayo yameathiri idadi ya watu wanaopata dawa na ya wale wanaokufa kabla ya kuipata.

Uraibu kama ugonjwa

Uraibu ni hali ya mtu kushindwa kuacha kutumia kitu fulani ingawa anaona kinamdhuru yeye mwenyewe, familia yake au kazi yake. Kwa muda mrefu hali hiyo ilichukuliwa kuwa udhaifu wa tabia au dhambi. Leo matabibu wengi huitazama kama ugonjwa wa muda mrefu unaoathiri ubongo, hasa sehemu zinazohusika na raha, kumbukumbu na uamuzi.

Dawa za kulevya huongeza dopamini, kemikali ya ubongo inayomfanya mtu atamani kurudia jambo lililompa raha. Matumizi yakiendelea, ubongo hujirekebisha: dozi ileile haitoshi tena, na mtu akikosa dawa anaugua. Mtumiaji wa heroini aliyeikosa kwa saa kadhaa hutokwa na jasho na kamasi, huumwa viungo na tumbo, huharisha, hutapika na hakosi wasiwasi mkubwa. Katika mitaa ya Tanzania hali hiyo huitwa arosto. Mtu aliyefikia hatua hiyo mara nyingi hatumii tena kwa ajili ya starehe, bali ili asiugue.

Si kila anayekunywa pombe au kutumia dawa hupata uraibu. Hatari huongezeka kutokana na urithi wa kizazi, kuanza kutumia katika umri mdogo, msongo wa mawazo, mateso ya utotoni, magonjwa ya akili na wepesi wa kuipata dawa yenyewe.

Kwa sababu ugonjwa huu hudumu muda mrefu, hupoa na kurudi, na hugusa familia nzima, unafanana na magonjwa ambayo daktari wa familia hushughulika nayo kila siku. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imepanda hafukuzwi kliniki; daktari hubadilisha dawa na kuuliza kilichotokea. Madaktari wa tiba ya uraibu hutaka mgonjwa aliyerudia kutumia dawa atendewe vivyo hivyo.

Mafunzo

Udaktari wa familia ni tawi la tiba linalomhudumia mtu wa umri wowote, mwanamume au mwanamke, bila kujali kiungo kinachougua. Nchini Marekani tawi hilo lilitambuliwa kuwa ubingwa kamili mwaka 1969, na mafunzo yake huchukua miaka 3 baada ya chuo cha udaktari.

Tiba ya uraibu ilichelewa kupata hadhi hiyo. Kuanzia miaka ya 1990 ubobezi wa uraibu ulikuwapo kwa madaktari wa magonjwa ya akili pekee. Madaktari wa matawi mengine walijifunza kwa njia ya vyama vyao na kwa uzoefu. Mwaka 2016 baraza linalosimamia mabaraza ya ubingwa nchini humo lilitangaza kuitambua tiba ya uraibu kama ubobezi ulio wazi kwa daktari bingwa wa tawi lolote. Mtihani wa kwanza chini ya utaratibu huo ulifanyika mwaka 2017. Daktari wa familia anayetaka kubobea husoma mwaka 1 zaidi katika hospitali na kliniki zinazohudumia wenye uraibu.

Nchini Kanada Chuo cha Madaktari wa Familia hutoa cheti cha umahiri wa ziada katika tiba ya uraibu. Mwenye cheti hicho hubaki kuwa daktari wa familia, lakini hutambuliwa kuwa mtu ambaye wenzake wanaweza kumpelekea wagonjwa au kumwomba ushauri.

Kazi ya kila siku

Kumtambua mgonjwa

Wagonjwa wengi hawaji kliniki wakisema wana uraibu. Huja kwa sababu ya vidonda vya tumbo, kukosa usingizi, jipu mkononi, kuanguka au ugomvi wa nyumbani. Kwa hiyo daktari huuliza kuhusu pombe na dawa kwa kila mgonjwa, kama anavyouliza kuhusu mzio, bila sauti ya kulaumu.

Kipimo kinachotumika sana kwa pombe ni AUDIT, chenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Kilitayarishwa chini ya Shirika la Afya Duniani kwa kutumia wagonjwa wa nchi 6, na Kenya ilikuwa mojawapo. Kwa kawaida alama 8 au zaidi huonyesha kwamba unywaji umefikia kiwango cha hatari. Kwa watu wengi wa kundi hilo ambao bado hawajapata uraibu, mazungumzo mafupi na daktari wanayemwamini huweza kupunguza unywaji.

Pombe na tumbaku

Mlevi wa muda mrefu hapaswi kuacha pombe ghafla bila kusimamiwa. Baadhi hupata degedege, kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, na wengine hufa. Daktari hupima ukubwa wa hatari. Wenye hatari kubwa hulazwa, na wengine hutibiwa nyumbani kwa siku chache kwa dawa za jamii ya benzodiazepini pamoja na vitamini B1, ambayo upungufu wake huharibu ubongo wa wanywaji. Baada ya hapo kuna dawa za kusaidia kutorudia, kama naltreksoni, akamprosati na disulfiramu.

Kwa wavutaji wa tumbaku hutumika vibandiko au vitafunio vya nikotini, vareniklini au bupropioni, pamoja na ushauri. Kwa kokeini na methamfetamini hakuna dawa iliyothibitishwa vema kama zile za opioidi, kwa hiyo tiba hutegemea zaidi ushauri nasaha na mipango ya kumtuza mgonjwa kila anapopima na kukutwa hana dawa mwilini.

Magonjwa yanayoandamana

Hapa ndipo daktari wa familia anapokuwa na nafasi ambayo kliniki ya uraibu pekee haina. Anayejidunga sindano anaweza kuwa na VVU, homa ya ini ya aina ya B au C, maambukizi ya moyo au vidonda vya ngozi. Anaweza pia kuwa na sonona, meno mabovu, mimba isiyofuatiliwa au watoto wasiochanjwa. Daktari mmoja akishughulikia mambo hayo kwa pamoja, mgonjwa hahitaji kuzunguka katika ofisi tano na kueleza historia yake upya kila mahali. Zaidi ya hayo, anayeketi katika ukumbi wa kungojea hajulikani kama amekuja kwa uraibu au kwa kifua.

Dawa za uraibu wa opioidi

Opioidi ni kundi la dawa linalojumuisha afyuni, mofini, heroini, vidonge vingi vikali vya maumivu na fentanili. Zote hushika vipokezi vilevile katika ubongo. Zikizidi hupunguza upumuaji hadi mtu akafa. Dawa 3 hutumika zaidi katika tiba.

Methadoni ni opioidi inayodumu mwilini kwa muda mrefu. Mgonjwa akiinywa mara moja kwa siku hapati arosto, wala halewi kama dozi imepangwa vizuri. Kwa kuwa dozi kubwa inaweza kuua, katika nchi nyingi mgonjwa huinywa mbele ya muuguzi au mfamasia, hasa katika miezi ya mwanzo.

Buprenofini huwekwa chini ya ulimi. Hushika vipokezi kwa nguvu lakini huviamsha kwa kiasi tu. Ndiyo maana athari yake juu ya upumuaji hufikia kikomo, na hatari ya kufa kwa kuizidisha ni ndogo, isipokuwa ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi. Mara nyingi huchanganywa na naloksoni ili kumzuia mtu asiiyeyushe na kujidunga. Shida yake iko mwanzoni: mgonjwa aliye na heroini nyingi mwilini akipewa buprenofini mapema mno, dawa hiyo huisukuma heroini kutoka kwenye vipokezi na kumwangusha katika arosto kali kwa ghafla. Kwa hiyo daktari humwambia angoje hadi dalili za kukosa dawa zianze, mara nyingi saa 12 hadi 24. Fentanili, ambayo hukaa mwilini kwa muda mrefu, imeufanya uamuzi huo kuwa mgumu zaidi, na madaktari wengine huanza kwa dozi ndogo sana zinazopandishwa polepole. Kuna pia buprenofini ya sindano inayodungwa mara moja kwa mwezi.

Naltreksoni hufunga vipokezi bila kuviamsha kabisa. Inafaa kwa mtu ambaye tayari amekaa siku kadhaa bila opioidi, jambo ambalo wengi hushindwa kulifikia.

Naloksoni si dawa ya uraibu bali ya uokoaji. Ikipulizwa puani au kudungwa, humzindua mtu aliyezidisha opioidi kwa dakika chache. Madaktari hushauri familia za wagonjwa wawe nayo nyumbani.

Methadoni na buprenofini ziliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hatari ya kuacha bila dawa

Watu wengi, wakiwamo ndugu wa wagonjwa, huamini kwamba tiba ya kweli ni kumfungia mtu hadi dawa imtoke mwilini. Kwa uraibu wa opioidi njia hiyo ikitumika peke yake ni hatari. Baada ya siku au wiki chache mwili huwa umesahau dawa, lakini tamaa bado ipo. Mtu akirudia dozi aliyoizoea zamani, dozi hiyo inaweza kumuua.

Utafiti uliofanywa Stockholm, Uswidi, na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha jambo hilo waziwazi. Watu 40 wenye uraibu wa heroini waligawanywa katika makundi mawili. Wote walipewa ushauri wa kina kwa mwaka mzima. Kundi moja lilipewa buprenofini kila siku. Jingine lilipewa dawa hiyo kwa siku 6 tu ikipunguzwa, kisha vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka, robo tatu ya kundi la kwanza walikuwa bado katika tiba, na hakuna aliyekufa. Katika kundi la pili hakuna aliyebaki katika tiba, na watu 4 walikuwa wamekufa.

Hatari kama hiyo huwakabili wanaotoka gerezani. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uligundua kwamba katika wiki 2 za kwanza baada ya kuachiliwa, uwezekano wa mfungwa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Kwa sababu hiyo madaktari wa uraibu husisitiza kwamba dawa ianzishwe kabla ya mfungwa kutoka, na kwamba akitoka awe na miadi kwa daktari anayejulikana.

Historia

Uingereza

Mwaka 1926 kamati iliyoongozwa na daktari Humphry Rolleston ilikubali kwamba daktari wa kawaida anaweza kumwandikia mgonjwa wa uraibu mofini au heroini, ikiwa majaribio ya kumwachisha yameshindikana na mgonjwa anaweza kuishi maisha ya manufaa kwa dozi ndogo ya kila siku. Kwa miaka 40 hivi utaratibu huo uliwahusu watu wachache. Katika miaka ya 1960 idadi ya vijana wanaotumia heroini mjini London iliongezeka, na ikaonekana kwamba madaktari wachache waliandika dawa bila kiasi. Sheria ikabadilishwa, na kuanzia mwaka 1968 kuandika heroini kwa ajili ya uraibu kukabaki kwa madaktari wenye leseni maalumu. Baadaye madaktari wa familia walirudi katika kazi hiyo kwa kutumia methadoni na buprenofini, huku maduka ya dawa ya mtaani yakisimamia unywaji wa kila siku.

Marekani

Marekani ilichukua njia nyingine. Sheria ya Harrison ya mwaka 1914 iliweka kodi na usajili kwa wauzaji na waandikaji wa afyuni na kokeini. Mwaka 1919 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumwandikia mtu mofini ili tu asipate dalili za kukosa dawa si tiba halali. Madaktari walishtakiwa, kliniki zilizokuwa zimefunguliwa na miji zikafungwa, na uraibu ukatoka mikononi mwa daktari wa kawaida. Kuanzia mwaka 1935 serikali ilikuwa na hospitali maalumu huko Lexington, Kentucky, iliyofanana kwa sehemu na gereza.

Mabadiliko yalianza New York. Vincent Dole na Marie Nyswander, wakifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Rockefeller, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya kuwapa methadoni wagonjwa 22 wa heroini. Wagonjwa hao waliacha kuhangaika kutafuta dawa, na baadhi walirudi shuleni au kazini. Serikali iliikubali methadoni, lakini kwa kliniki zilizosajiliwa peke yake. Daktari wa familia hakuruhusiwa kuiandika kwa ajili ya uraibu, ingawa aliruhusiwa kuiandika dawa hiyohiyo kwa ajili ya maumivu. Kizuizi hicho kimeendelea hadi miaka ya 2020.

Mlango wa kliniki ya kawaida ulifunguliwa na sheria ya mwaka 2000, iliyofuatwa mwaka 2002 na idhini ya buprenofini. Hata hivyo mlango huo ulikuwa na masharti. Daktari alitakiwa kusoma saa 8 na kupata kibali cha pekee, kilichotambulika kwa herufi X katika namba yake ya usajili. Mwanzoni hakuruhusiwa kutibu zaidi ya wagonjwa 30 kwa wakati mmoja. Baadaye kikomo kilipandishwa hadi 100, na mwaka 2016 hadi 275 kwa waliotimiza masharti ya ziada. Wakosoaji walisema kwamba daktari yeyote aliweza kuandika vidonge vikali vya maumivu bila kikomo cha namna hiyo, lakini hakuweza kuandika dawa ya kumtoa mtu katika vidonge hivyohivyo.

Jambo hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu vidonge vya maumivu vilivyoandikwa kwa wingi tangu miaka ya 1990, vingi vikiandikwa na madaktari wa familia wenyewe, vilichangia kuanzisha janga la opioidi. Wimbi la vidonge lilifuatwa na la heroini kuanzia mwaka 2010 hivi, kisha la fentanili. Mwaka 2022 zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za aina zote. Mwishoni mwa mwaka huohuo bunge lilifuta kibali cha X pamoja na vikomo vya idadi ya wagonjwa.

Ufaransa

Ufaransa iliwakabidhi kazi hiyo madaktari wa familia mapema zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa na maambukizi mengi ya VVU miongoni mwa wanaojidunga, na vifo vingi vya heroini. Kuanzia mwaka 1996 daktari yeyote aliyesajiliwa aliweza kuandika buprenofini bila kibali cha pekee, na mgonjwa aliichukua katika duka la dawa la kawaida. Katika muda wa miaka michache makumi ya maelfu ya watu waliingia katika tiba. Kati ya mwaka 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dawa vilipungua kwa asilimia 79. Watafiti husema kwamba usambazaji wa sindano safi na tiba ya VVU vilisaidia pia, lakini wengi huupa mpango huo sehemu kubwa ya sifa. Ulikuwa na kasoro: baadhi ya wagonjwa waliponda vidonge na kujidunga, na vingine viliuzwa mitaani.

Kanada

Hadi mwaka 2018 daktari wa Kanada alihitaji ruhusa ya serikali kuu ili aandike methadoni. Sharti hilo lilipoondolewa, usimamizi ulibaki kwa mabaraza ya majimbo, na madaktari wa familia wakapata nafasi pana zaidi kuliko wenzao wa Marekani kuhusu dawa hiyo.

Mfano wa Austin, Indiana

Austin ni mji mdogo wa wilaya ya Scott, kusini mwa jimbo la Indiana, Marekani, wenye wakazi 4,000 na kidogo. Mwaka 2004 daktari wa familia William Cooke alifungua kliniki hapo, akawa daktari pekee mjini. Wagonjwa wake wengi walikuwa maskini, na wengi walijidunga kidonge cha maumivu kiitwacho oksimofoni, wakishirikiana sindano.

Mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 VVU vilianza kugunduliwa kwa haraka. Mwishowe zaidi ya watu 200 waliambukizwa, idadi kubwa mno kwa mji wa ukubwa huo. Mwezi Machi 2015 gavana Mike Pence alitangaza hali ya dharura ya afya na kuruhusu ugawaji wa sindano safi, ambao hadi hapo haukuruhusiwa katika jimbo hilo. Kliniki ya Cooke ikawa mahali ambapo mtu mmoja angeweza kupata dawa za VVU, buprenofini na matibabu yake ya kawaida. Maambukizi mapya yalishuka sana. Chama cha madaktari wa familia cha Marekani kilimtangaza Cooke kuwa daktari wa familia wa mwaka 2019.

Mfano huu huonyesha faida na pia udhaifu wa mpango unaosimama juu ya mtu mmoja na uamuzi wa wanasiasa: mwaka 2021 viongozi wa wilaya hiyo walipiga kura kuufunga mpango wa sindano safi.

Afrika Mashariki

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ilianza kuenea katika pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Miji kama Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam imeathirika zaidi, na VVU vimeenea miongoni mwa wanaojidunga kuliko katika jamii kwa jumla.

Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, ikiwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimetangulia mwaka 2006. Huduma hiyo ilienea baadaye katika hospitali nyingine za Tanzania. Kenya ilianza huduma hiyo mwishoni mwa mwaka 2014 jijini Nairobi, kisha katika pwani.

Kliniki hizo ni za pekee, na mgonjwa anatakiwa kufika kila siku. Kwa anayekaa mbali, nauli na muda wa safari ni mzigo unaoweza kumfanya aache tiba au ashindwe kushika kazi. Methadoni pia hugongana na baadhi ya dawa nyingine: rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU hupunguza kiasi cha methadoni mwilini, na mgonjwa asiyeongezewa dozi hupata arosto ingawa anakunywa dawa kila siku. Kwa hiyo watabibu wa kifua kikuu, VVU na uraibu wanahitaji kujua kila mmoja anachotoa.

Udaktari wa familia wenyewe bado ni mchanga katika kanda hii. Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, kilianza kufundisha mabingwa wa tawi hilo mwaka 2005, na idadi yao bado ni ndogo kulinganisha na mahitaji. Wanaowaona wagonjwa wa kwanza wa pombe na unga mara nyingi ni maofisa tabibu na wauguzi wa vituo vya afya. Kanuni za kazi hii, yaani kuuliza bila kulaumu, kutibu magonjwa kwa pamoja na kutomkatisha mgonjwa dawa ghafla, zinawahusu wao pia.

Ukosoaji na changamoto

Hoja ya kale zaidi dhidi ya tiba hii ni kwamba humpa mgonjwa dawa moja ya kulevya mahali pa nyingine. Wanaoitetea hujibu kwamba kutegemea dawa si sawa na uraibu: anayetumia methadoni au buprenofini kwa utaratibu halewi, hahitaji kuiba ili aipate, na uwezekano wake wa kufa hupungua sana. Makundi mengine ya kusaidiana hukataa kumhesabu mtu kuwa amepona ikiwa bado anatumia dawa hizo, na msimamo huo umewafanya wagonjwa wengine waziache mapema.

Hoja nyingine ni usalama. Dawa inayoandikwa katika kliniki nyingi ni rahisi kuuzwa mitaani kuliko ile inayonywewa mbele ya muuguzi. Madaktari hupima mkojo, huandika dawa ya siku chache mwanzoni na kuongeza muda kadiri mgonjwa anavyotulia. Masharti yakiwa makali mno, wagonjwa dhaifu zaidi ndio wanaoshindwa kwanza.

Changamoto kubwa imebaki kuwa uchache wa madaktari walio tayari. Tafiti za mwanzo baada ya Marekani kufuta kibali cha X zilionyesha kwamba walioandika buprenofini waliongezeka, lakini wagonjwa walioipata hawakuongezeka kwa kiasi kilichotarajiwa. Madaktari wengi hawakufundishwa tiba ya uraibu chuoni, wengine huhofia muda na malipo, na wengine hawataki wagonjwa wa aina hiyo katika kliniki zao. Hivyo kuondoa kizuizi cha sheria hakukutosha peke yake: kulihitaji pia daktari anayekubali kumpokea mgonjwa huyo kama anavyowapokea wengine.

Tazama pia

Uraibu
Dawa za kulevya
Heroini
Ulevi
VVU